Picha Zilizoungua

Jumatatu, 3 Machi
Mvua tangu asubuhi. Hapa Ikuti mtandao haushiki. Marekebisho ya kumi na moja ya data, na umbo la protini ya kile kijidudu kinachonyausha migomba bado linagoma. Shahada yangu imekwama hapo. Nimepiga meza ngumi, kikombe kikapasuka.

Shambani, migomba sita ya baba inatoa usaha. Kaka Ambakisye anasema ugonjwa kauleta jirani, Baba Tumaini. Eti atamvunja taya. Nikamwambia: mvunje.

Jumanne, 4 Machi
Kamvunja kweli. Kwa mpini wa jembe. Baba Tumaini akajibu kwa panga. Mkono wa kaka, mfupa nje. Nimeufunga kwa kanga ya mama. Damu mpaka kwenye majani ya chai. Nilimrushia Baba Tumaini mawe. Moja lilimpata kisogoni. Nilifurahi.

Jumatano, 5 Machi
Nimetoka hospitali, Tukuyu. Vidole viwili vya kaka havisikii kitu. Anaapa akitoka atammaliza yule mzee. Mama kasema hasira hasara. Nimemfokea, mama yangu mzazi.

Nikakaa kwenye kompyuta kwa shari. Nikafuta vipimo vyote vilivyonikera. Hesabu ikapendeza. Uongo mtupu! Nimevirudisha huku natukana.

Ijumaa, 7 Machi
Kosa nimeliona. Fuwele ya protini ikipigwa picha za eksirei muda mrefu huungua. Picha za mwisho zimeungua, nami nilizichanganya na nzima. Kuziondoa ni halali, mradi uandike sababu.

Nikafungua daftari la maabara kuhakiki vijidudu vilitoka mgomba upi. Mwandiko wangu mwenyewe: "Sampuli, kijiji cha Kinyala. Nimekata mgomba mgonjwa kwa panga la nyumbani. Jioni nimemkatia baba mkungu kwa panga lilelile."

Panga sikulipitisha motoni. Mimi, ninayewahubiria wakulima walichome kila wakikata! Ugonjwa nimeuleta mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Umbo limekaa. Sikushangilia. Nimeandika: picha za mwisho zimeondolewa, ziliungua.

Kisha nikaenda kwa Baba Tumaini. Taya imefungwa, hawezi kusema. Nimepiga magoti, nikampa daftari. Alisoma ukurasa ule mara mbili. Akaomba kalamu, akaandika chini ya maneno yangu: "Kaka yako anajua?"

Bado. Kesho baada ya ibada nampelekea kaka uji hospitalini, na daftari.