Chuma cha Mpaka

Mdogo wangu mpendwa,

(Hilo neno la "mpendwa" tulifundishwa shuleni kuliweka mwanzoni, na mimi darasa nililoachia ndilo hilo la kuandika barua, kwa hiyo naliweka. Usivimbe kichwa.)

Salamu nyingi zikufikie, wewe na mkeo na watoto. Ukiniuliza hali, mimi mzima, isipokuwa meno, ambayo yameanza kuhama bila kuaga, na ule mguu wa kushoto uliotiwa chuma tangu siku niliposhuka kwenye mlingoti wa antena kwa njia ya mkato. Wewe je, kiuno chako? Nasikia kinakusumbua. Nimesikitika, ingawa si sana.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu huipokei, na nikimtuma mtu unamwambia huna kaka. Haya. Barua haina sauti yangu, huenda ukaivumilia.

Habari yenyewe ni ileile, karakana. Wewe umeshikilia kwamba chuma cha mpaka alichokizika mpima ardhi enzi za baba kiko kushoto kwa karakana yangu, kwa hiyo karakana ni yako. Mimi nimeshikilia kiko kulia, kwa hiyo ni yangu. Chuma chenyewe ni hicho kimoja, na hakuna aliyekiona tangu baba afe. Kwa ajili ya chuma hicho hukuja kumzika shemeji yako. Ulileta ujumbe kwamba hutakanyaga hapa mpaka nitoe redio zangu kwenye ardhi yako. Nami nikajibu, mbele ya waombolezaji, kwamba afadhali, maana hata kulia hujui. Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Sasa ukapata mnunuzi wa hiyo ardhi, na mnunuzi akamleta mpima. Mpima akaniambia kwamba chuma kikionekana atapima kwa haki, kisipoonekana atakisia. Mimi nimeishi vya kutosha kujua kwamba makisio humpenda mwenye mnunuzi. Na karakana hiyo ndimo ninamokula, ndimo ninamolala siku hizi, maana nyumba bila shemeji yako ina mwangwi. Nikasema hapa bila kukitafuta mwenyewe nitalala nje.

Nikaenda kwa muuza vyuma chakavu kuazima mashine yake ya kunusa vyuma. Ilikuwa na koili, lile duara la waya linalonusa, ndogo kama kisahani cha chai, inayosikia visoda na misumari ya juujuu tu. Lakini kwenye lundo lake kulikuwa na mashine nyingine iliyokwisha kufa, ya watengenezaji wengine, yenye koili kubwa kama ungo. Koili kubwa husikia chini zaidi. Tatizo plagi. Ile ya ungo ina meno matano, tundu la mashine nzima lina manne. Yule bwana akanicheka, akasema mzee, hao hawaoani. Nikamwambia mbona wewe uliolewa.

Nikamwomba mkia wa koili iliyovunjika, wenye plagi ya meno manne, nikang'oa lile tundu la meno matano kwenye maiti, katikati yao nikaweka waya mfupi. Adapta ni hiyo tu. Ni mshenga, anasimama kati ya watu wasioelewana. Mimi na wewe tulimkosa wetu. Nikatafuta kwa mita ni nyaya zipi zinapeleka na zipi zinapokea, nikaziunga kwa lehemu, nikazitia zote kwenye kipande cha bomba la maji, nikafunga kwa mpira wa baiskeli. Ule wavu unaozivika nyaya nyingine nikaukata, nikidhani ni pambo. Mashine ikalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Kumbe ndio unaozuia kelele. Nikaurudisha, nikauunga na waya wa ardhi, ikatulia.

Nikaanza kutafuta upande wa kulia, bila shaka. Ikalia. Nikachimba, hamna kitu. Nikasogea, ikalia tena. Nikachimba, hamna. Kila niliposimama chuma kipo, kila nilipochimba hakipo. Upande wangu ukawa kama umefukuliwa na nguruwe. Nikaanza kuamini umenitumia jini.

Yule jirani yetu wa nyuma, fundi cherehani, alikuwa anatazama huku uzi uko mdomoni. Kwanza aliniuliza kama natafuta mafuta. Halafu akauliza mbona inalia nikitanguliza mguu wa kushoto tu. Nikatanguliza wa kulia: kimya. Wa kushoto: ikapiga kelele. Mdogo wangu, nilikuwa nachimba kuufuata mguu wangu mwenyewe! Ile koili ya kisahani isingeusikia. Hii ya ungo, niliyoiunga kwa mikono yangu, iliusikia vizuri sana. Cheka, nakuruhusu.

Akanipokonya mashine, akaniamuru nikakae mbali na mguu wangu. Yeye hana chuma mwilini, labda ulimi. Akapita kulia, kimya. Nikaumia. Akapita kushoto, kimya. Nikapona. Alipokuwa anairudisha, akapita mbele ya mlango wa karakana, pale ninapomwaga maji ya kunawia, ikalia. Nikamwambia ni mguu. Akasema mguu uko huko, umeukalia.

Tukachimba. Kilikuwepo, kimevaa saruji shingoni, na nambari zimegongwa kichwani. Ningekuwa peke yangu, sikuapii kwamba nisingekirudishia udongo nikanyamaza. Lakini yeye alikuwa amesimama hapo, na jembe analo yeye.

Mpima akaja, akachungulia kwenye ile mashine yake ya miguu mitatu, akasoma nambari, akatueleza jambo ambalo mimi na wewe hatukulifikiria hata siku moja. Chuma hicho kinagawa viwanja vitatu, si viwili. Changu kiko kushoto, chako kulia, na vyote viwili vinaishia pale mlangoni. Kuanzia hapo kwenda nyuma, karakana nzima, kizingiti, kuta na bati, iko katika kiwanja cha fundi cherehani. Wewe uliapa kushoto, mimi nikaapa kulia, na kitu si chetu sote. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Ila kunguru mwenyewe hakufurahi. Alikaa kwenye kigoda changu bila kukaribishwa, akaniuliza kwa hiyo miaka yote hii mlikuwa mnagombania kwangu? Nikamwambia ndiyo. Kisha akasema kwamba shemeji yako alikuwa akienda kwake kulia machozi, anajifanya amepeleka nguo kupunguzwa. Na siku za mwisho za shemeji yako, huyu fundi alipomletea uji, marehemu alimuuliza yeye kama umefika. Mimi mumewe, niliyelala chumba hichohicho, hakuniuliza. Alijua ningejibu nini.

Hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Mnunuzi wako ameona kilichobaki, akapanda gari lake. Fundi cherehani ameniambia niendelee kukaa karakanani, lakini ukuta wa nyuma ataubomoa apate mahali pa cherehani ya pili. Nitalala nasikiliza watu wakishona.

Njoo uone kaburi la shemeji yako. Usije kwa ajili yangu; mimi sijakusamehe, na wewe usijisumbue kunisamehe. Ila yeye aliuliza, na anastahili kujibiwa, japo umechelewa.

Nisalimie mkeo, watoto wabusu vichwani, na hicho kiuno ukikande kwa maji ya moto. Kalamu nimeiweka chini, wino upo lakini maneno mazuri yamekwisha.

Ni mimi kaka yako, tumbo moja ziwa moja,

Fundi redio, mpangaji.