Daftari Safi, Dawa Mbili

Jumatano, Agosti. Upepo tangu alfajiri, vumbi mpaka kwenye meno.

Siwezi kukaa. Nimefagia ua mara tatu, nimefungua duka nikalifunga kabla ya adhuhuri, na sasa niko intaneti kafe hapa Makole, naandika haya nikisimama na kuketi mpaka jirani yangu amehama kompyuta.

Mama amelazwa tangu jana. Alianza kutoka damu kwenye fizi akipiga mswaki, tukasema mswaki mgumu. Kisha mkono ukavilia damu bila kugongwa na kitu. Jana choo kikatoka cheusi kama lami.

Daktari aliuliza anatumia dawa gani. Mama akataja ile ya kufanya damu iwe nyepesi, aliyoandikiwa mwezi uliopita damu ilipoganda mguuni. Na nyingine? Mama akafungua pindo la khanga, akatoa aspirini ndogo anayomeza kila asubuhi, miaka sasa, kwa ajili ya moyo.

Daktari akatueleza kwamba moja inachelewesha damu kuganda, nyingine inazuia chembe zake zisishikane pale panapochanika. Wapo wanaopewa zote mbili, lakini daktari akijua na akiwapima mara kwa mara. Daktari wa mguu hakujua.

"Mbona kwenye daftari hakuna aspirini?" akauliza, akifunua daftari la matibabu la mama.

Haipo kwa sababu yangu.

Daftari la mama la kliniki ya moyo lilikuwa limelowa mafuta ya taa, jalada limetoka, kurasa zimeshonwa kwa uzi. Siku ya kumpeleka kutibiwa mguu niliona haya. Mimi muuza madaftari, halafu mama yangu aingie kwa daktari na kitu kile? Nikachomoa jipya dukani, nikaandika jina lake kwa mwandiko wa kujionyesha. Mama akauliza, "La zamani je?" Nikamjibu kwamba huyu ni daktari mwingine, si adabu kumpelekea maandishi ya mwenzake. Akaniamini. Si mimi ndiye msomi wa nyumba!

Jana nilitaka kusema. Mama akaniwahi: "Nilisahau mwenyewe, daktari. Uzee huu."

Nami nikainamisha kichwa, nikamwachia mgonjwa abebe kosa langu. Nina hasira na nafsi yangu, na tangu jana sijala kitu.

Dawa zote mbili zimesimamishwa, na ameongezewa damu. Lakini bado anatoka damu kidogo, na donge la mguuni nalo lipo, kwa hiyo hawawezi kumwacha hivi bila dawa siku nyingi. Mchana nilimkuta na midomo myeupe, akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Uongo juu ya uongo.

Asubuhi wakifungua wodi nitasema yote, daktari akiwepo na mama akisikia. Najua atanikasirikia.

Ee Mola, nimkute na nguvu za kunikasirikia.