Picha Kumi za Mikono ya Mama

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa darasa la picha katoa kazi. Picha kumi, mada moja, simu tu, bila maelezo — zijisimulie zenyewe! Zitabandikwa ukumbini Jumamosi ya wiki ijayo, watu waje kutazama. Hata hajamaliza kusema, mada ninayo: mikono ya Mama. Fundi cherehani miaka thelathini, nusu ya mtaa imevaa kazi yake. Nitawapiga bao wote.

Jumatano, 5 Machi
Picha ishirini na mbili, zote mbovu. Cherehani imetoka safi, tepu ya kupimia unasoma mpaka namba. Mkono wa kulia — ukungu mtupu. Simu kimeo! Mama alikuwa anacheka, eti bora nikapige picha kuku. Nikamwambia atulie basi, mbona anatikisa mkono? Akaufunika kwa kitambaa. Akasema ana kazi, nimpishe.

Alhamisi, 6 Machi
Mwalimu kaziangalia. Simu haina neno, kasema, mbona mkono wa kushoto umetulia? Niegemeze simu kwenye kitu kizito, nisilaumu kifaa. Wenzangu wakacheka. Nimekasirika kweli.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeiegemeza kwenye pasi, ile nzito ya chuma. Haikucheza hata kidogo. Mama alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tano. Akalowesha ncha ya uzi kwa mate, akaanza upya. Sikubonyeza.
Nilishajua. Tangu jana, nadhani, nilikuwa najifanya sijui. Na mimi ndiye niliyemkaripia atulie!

Jumapili, 9 Machi
Dada anajua. Tangu mwaka jana! Mishono iliyopinda anaibeba kwake, anaifumua, anaishona upya. Nimefoka: kwa nini sikuambiwa? Eti Mama alimwapisha — mdogo wako akijua ataacha masomo. Hospitali hataki kusikia. Wateja wakinusa habari hii, duka ndiyo basi. Na mimi nataka kuubandika mkono huo ukutani!

Jumanne, 11 Machi
Nimemwambia mwalimu nabadili mada. Viatu mlangoni, masufuria, chochote. Kasema ile yenye mkono wa ukungu ndiyo picha bora aliyoletewa mwaka huu. Nimefurahi. Halafu nimeona aibu kwa kufurahi. Sijazifuta zile tisa nilizochagua.

Alhamisi, 13 Machi
Dada kasafiri. Leo ni siku ya kukata gauni la bibi harusi: kitambaa cheupe, hakina ziada hata ya shubiri moja. Ukikosea, umekosea.
Mama kachora kwa chaki. Mstari ukapinda. Kaufuta, kachora tena. Ukapinda. Akakaa. Halafu akasema nilete hiyo simu.
Alizipitia zote, moja moja. Kwenye ile ya ukungu akaukuza mkono kwa vidole viwili, akautazama muda mrefu kama wa mtu mwingine. Nikasema nitazifuta, Mama, haziendi popote. Akasema nisifute hata moja. Wote waliovaa nguo zake, wacha waje waione hiyo mikono. Kisha akauliza: si mliambiwa kumi? Mbona hapa ni tisa?
Akanisukumia mkasi, mpini upande wangu. Simu akaishika yeye, mikono miwili, viwiko vimekazwa mezani.
“Kata, mwanangu. Nitakuelekeza.”
Mimi! Nisiyewahi kukata hata pazia. Nimesingizia kufuata chaja, nimejifungia chumbani na daftari hili. Saa saba na nusu. Bibi harusi anafika saa tisa. Nikitoka na kuukamata ule mkasi, ndiyo nimekubali kwamba yeye hataushika tena. Sitaki. Naogopa. Mwandiko wangu wenyewe umepinda.
Ananiita. Hajakasirika — anauliza tu kama nimeiona hiyo chaja. Anajua ipo kule kule, mezani, karibu na mkasi. Natoka.