Saa Isiyosimama Nikisalimia

Jumamosi, 5 Machi 2005

Umepotelea wapi wewe mwanamke? Tangu Krismasi hujafungua daftari hili. Ngumbaru ulikwenda kujifunza nini, kusaini tu? Mjukuu kakununulia daftari zuri, wewe unalifunikia chungu cha maharage. Huna haya. Kaa chini uandike.

Leo kama Jumamosi zote. Nimekata mkungu, nimeoga, nimeshuka mjini. Kutoka hapa Ibighi mpaka Bagamoyo, mtaa wetu wa mjini, si ile ya pwani, ni matope matupu. Mvua haijui kupumzika. Nimeingia kwa Shabani, yule aliyekuwa fundi redio, sasa ana chumba cha kompyuta na watu wanamwita Bwana Intaneti. Kanifungulia ule mtandao wa drafti uliotengenezwa na vijana wa Dar. Wa Kiswahili. Huko ndiko ninakokutana na Atupele.

Atu ni mjukuu wangu, nimemlea mimi. Yuko Uingereza mwaka wa pili, anasomea unesi. Kwenye simu ana neno moja tu: niko salama bibi. Ukimuuliza zaidi, salio limekwisha. Lakini mweke mbele ya drafti. Kete ikisogea, na mdomo unafunguka. Tangu mdogo yuko hivyo, tulipokuwa tunacheza kwa vifuniko vya soda, vyangu vimeangalia juu, vyake chini. Kwenye mtandao kuna kisanduku cha kuandika pembeni ya kete. Humo ndimo anamonipa habari.

Zamani ukiandika kwenye kisanduku, saa ya mchezo ilisimama ikakusubiri. Wamechokonoa kitu mwezi wa pili, sasa haisimami. Leo bado nauliza habari za baridi ya huko, kidole kimoja kikitafuta herufi, kioo kikaandika: Mchezaji ametoroka.

Mimi. Nitoroke wapi na goti hili?

Jumamosi, 12 Machi

Nina hasira. Nitaandika hivyo hivyo.

Tumesalimiana vizuri. Kaniita mke mwenzake, utani wetu, kaniambia leo atanila mpaka nibaki na kete ya kumbukumbu. Nikamjibu na wewe una meno? Halafu akaandika: Bibi, nina neno nataka kukuambia.

Nikaanza kuandika: Sema, mama. Sikufika hata kwenye m. Mchezaji ametoroka. Meza imefungwa. Shabani akahangaika kunirudisha. Niliporudi Atu alikwisha kwenda kazini kwake, anakosafisha wazee jioni.

Neno gani?

Jumapili, 13 Machi

Baada ya ibada nimepiga simu. Si kitu bibi, nilikuwa natania tu.

Mwongo. Namjua. Akisema si kitu, kuna kitu.

Jumanne, 15 Machi

Nimeteremka mjini katikati ya wiki kwa ajili ya hawa vijana. Kuna ukurasa wa malalamiko. Nimeandika mwenyewe, Shabani nimemkataza kugusa. Nimewasalimu. Nimewauliza wazazi wao hawajambo. Nimewaeleza saa haisimami mtu akiandika, warudishe ilivyokuwa. Chini yangu na juu yangu kuna watu wengine wanalia jambo lile lile, wengine tangu ilipoharibika.

Jibu limekuja kabla sijanyanyuka kitini. Tumepokea ujumbe wako. Tatizo linashughulikiwa.

Nikafurahi, mjinga mimi. Shabani akaniambia hilo jibu linajituma lenyewe, hakuna mtu aliyesoma.

Jumamosi, 19 Machi

Saa haikusimama. Nimefukuzwa tena. Atu hakutaja lile neno, na mimi sikupata nafasi ya kumuuliza.

Shabani kanipa ushauri. "Bibi, wewe cheza kwanza. Salamu zije baadaye."

"Shabani mwanangu, wewe ukija kwangu unaanza kula kabla ya kupiga hodi?"

"Kwa ndizi zako za mbalaga, Bibi, naweza."

Tumecheka. Lakini sikubali. Mtu yuko nchi ya watu, peke yake, wiki nzima hakuna aliyemwambia ugonile, umeamkaje. Halafu mimi bibi yake nije na kete mbele kama ninamdai? Sifanyi. Saa ndiyo mbovu, salamu zangu nzima.

Jumamosi, 26 Machi

Kesho Pasaka. Mtandao umenipa zawadi yangu: onyo jekundu. Nikitoroka tena nitafungiwa.

Nimekumbuka duka la ushirika enzi zile. Unapanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, yule karani anakuambia subiri, na yeye anajua sabuni haipo. Tukaambiwa hayo yamekwisha. Sasa ni soko huria, usipopendezwa kwa huyu unakwenda kwa yule. Haya, mimi niende kwa yupi? Drafti ya Kiswahili iko kwa hawa vijana tu. Karani ni yule yule, amevaa shati jipya.

Malalamiko yangu nimeyarudia. Sikuwauliza wazazi wao.

Jumamosi, 2 Aprili

Leo nimefanya ukorofi na sijutii.

Atu alikuwa na mtihani, hakuja. Nikakaa na watu wengine. Mwanamume wa Tanga. Binti yuko Muskati. Mwalimu mstaafu wa Songea. Kila niliyekaa naye nimemwambia: tusisogeze kete. Tusalimiane mpaka watufukuze. Na wewe mwambie utakayekaa naye.

Wakakubali. Yule wa Tanga akaandika, bibi wewe ni hatari, umeolewa? Nikamjibu mahari yangu huyawezi. Mchana kutwa watu wanaulizana habari za watoto, za mvua, za mgongo, kete zimesimama kama mawe. Mchezaji ametoroka, mchezaji ametoroka, kioo kimejaa. Ukurasa wa malalamiko ukafurika. Shabani ameleta chai na kiti cha ziada atazame.

Sasa wamesikia, najua.

Jumamosi, 9 Aprili

Wamesikia. Wamenifungia. Si kwa wiki, moja kwa moja. Wameandika nimevuruga michezo ya wateja.

Saa bado haisimami. Kumfungia bibi wamepata muda ndani ya wiki moja, kutengeneza saa hawajapata.

Shabani amesema tufungue jina jingine, la uongo. Nimekataa. Nina jina langu.

Nimerudi nyumbani na mvua. Sikula. Lile neno la Atu limenikaa kifuani kama mfupa. Nimemlea yule mtoto, nikamfunga mgongoni mpaka shamba la chai. Halafu saa ya kwenye kioo ndiyo inanipangia niongee naye kiasi gani.

Hapana. Hapana kabisa.

Jumatatu, 11 Aprili

Nimepata njia. Nimechora drafti kwenye kipande cha boksi, kila nyumba nikaipa namba. Nimekwenda kwa Shabani, nikamtumia Atu barua pepe. Huwa haandiki barua pepe huyu, anatuma niko salama na kuweka jina. Kwa hiyo nimempa sheria. Tunacheza kwa barua. Barua moja, kete moja. Kete haihesabiki bila salamu, halafu habari ya mwili, ya masomo, na ya moyo. Ukiruka moja, nakula kete yako bure. Saa hakuna.

Nimeanza mimi. Nimeandika habari zangu zote, hata goti. Mwishoni kabisa, kete.

Jumamosi, 16 Aprili

Amejibu. Salamu mistari miwili. Mwili mzima. Masomo yanaendelea. Moyo uko sawa. Kete.

Nimemla kete moja. Nimemwandikia: moyo uko sawa si habari, ni mlango uliofungwa.

Jumamosi, 23 Aprili

Amelalamika kwamba mimi ni mwizi. Lakini barua imerefuka. Kaniambia chumba chake kina dirisha linalotazama ukuta. Kaniambia alipika ndizi za dukani zikawa kama sabuni. Nimecheka, halafu nikarudia kusoma ile ya dirisha.

Jumamosi, 30 Aprili

Nimekula mbili kwa mpigo. Ananitukana vizuri sasa, ananiita mke mkubwa asiye na huruma. Habari ya moyo: ameandika analia bafuni ili wenzake wasisikie. Mistari sita. Nimeisoma mara nyingi mpaka Shabani akazima taa ya mbele kunionyesha anafunga.

Sikumuuliza lile neno. Nimemsukumia kete tu, na habari za ndama wetu.

Jumamosi, 7 Mei

Wale vijana wa Dar wameniandikia. Eti kosa la saa limerekebishwa, wananifungulia, karibu tena mteja wetu mpendwa.

Shabani akapiga makofi. Mimi nimewajibu: Tumepokea ujumbe wenu. Linashughulikiwa.

Yule wa Tanga na wenzake wacheze, wanastahili. Mimi nina mchezo wangu na nyumba zake zina namba.

Jumamosi, 14 Mei

Neno limekuja.

Anataka kurudi nyumbani. Alikwisha kuamua tangu mwezi wa pili, akaogopa. Anasema masomo yamemshinda, na kanisa zima lilimfanyia maombi siku ya kumuaga, na watu wa Ibighi watasema Atupele amerudi mikono mitupu. Anasema bibi, nitakutazamaje.

Hakuweka kete. Kwa sheria zetu ningekula.

Nimeandika nikiwa nimesimama, kiti nilikisahau. Rudi. Mikono mitupu ndiyo inayoweza kushika mtu. Watakaosema, waje wasemee kwangu uani, mimi nipo, na mdomo wangu unaufahamu. Unesi ukiutaka tena tutautafuta hapa karibu. Usipoutaka, kuna chai, kuna ndizi, kuna mimi.

Shabani amesoma juu ya bega langu. Leo sikumgombeza.

Jumapili, 15 Mei

Mvua imekatika. Mlima wote umeonekana asubuhi.

Nimetoa viazi kwenye chumba cha nyuma. Nimefagia. Godoro nimelianika kwenye majani, nimeligeuza baada ya ibada. Kuna panya aliyekula kona moja, nitaishona.

Sijasikia chochote bado. Kule ni Jumapili pia, labda amelala.

Wewe mwanamke, ukifungua tena daftari hili usiniletee habari za mtandao. Andika siku anayofika, halafu kachemshe maji ya kuoga.