Fungua Swichi

Jumanne, 3 Agosti 1982
Nimejaribu kidhibiti cha pampu tena asubuhi. Transista sita, moja ina joto kuliko wenzake. Nikaihamisha, joto likahama nayo. Basi kasoro ni ya transista, si ya mchoro wangu. Nimeandika hivyo, kisha nikaweka alama ya kuuliza.

Mota ya pampu hii haina kaboni, vile vijiti vinavyosugua na kwisha, ambavyo hatuna fedha za kigeni za kuviagiza. Kidhibiti ndicho kinachozigawia koili za waya umeme kwa zamu. Pampu itapandisha maji kutoka tangi la chini hadi tangi la juu katika zahanati ya uzazi, Magomeni. Sasa wauguzi wanabeba ndoo.

Mota imesukwa na Mzee Nampoto, kibandani kwake Kariakoo. Anahesabu mizunguko ya waya kwa midomo, bila sauti. Sijamwona akikosea.

Alhamisi, 5 Agosti
Pampu ikizunguka bila maji, koili zitaungua. Kidhibiti kilipaswa kulihisi hilo na kujizima. Vipuri vya sehemu hiyo sikuvipata mjini kote.

Nimeweka kibao badala yake. Nilichagua maneno kwa uangalifu, yalingane na mchoro: MAJI YAKIISHA TANGI LA CHINI, FUNGUA SWICHI. Swichi nimeitoa kwenye redio mbovu. Haina alama.

Sentensi mahali pa kipuri. Sikulipenda jambo hilo, lakini nimeliacha.

Jumatatu, 9 Agosti
Pampu imefungwa Magomeni. Maji yamepanda. Sista Felista, muuguzi mkuu, amepiga vigelegele peke yake. Nimefurahi kuliko inavyostahili.

Ijumaa, 13 Agosti
Mota imeungua.

Maji ya bomba yalikatika jana, tangi la chini likakauka. Nilimwuliza Sista Felista kama alifuata kibao. Alifuata, neno kwa neno. Ni mwanamke makini, namwamini. Kidhibiti ni kizima, nimekipima mara mbili. Kilichobaki ni koili. Mzee alikosa vanishi nzuri ya kukingia waya, akatumia iliyokuwepo.

Hitimisho linaonekana safi. Labda safi mno.

Jumamosi, 14 Agosti
Nilimpelekea mota Kariakoo. Shikamoo, marahaba, kisha nikaiweka mezani. Aliinusa. Nikasema usukaji ndio uliofeli. Nilisema kwa adabu, lakini kibanda kilikuwa na watu.

Fundi jirani, Chande, akaropoka, "Mzee, siku hizi unasuka mota au unasuka mikeka?" Wakacheka. Mzee naye alicheka kidogo. Kisha akaniambia, "Niachie, mwanangu. Nitasuka nyingine. Hii haina malipo."

Nilipaswa kumtetea. Nilikuwa natazama vanishi.

Jumatatu, 16 Agosti
Nimepeleka ripoti kwa mkuu wa kitengo. Chanzo: usukaji hafifu. Jina lake limo.

Alhamisi, 19 Agosti
Mzee aliniita nimsaidie kuhesabu. Alitaka nihesabu kwa sauti, naye asuke. Hakuwahi kutaka hilo. Kila baada ya mizunguko kumi alisimama, akanitazama, akasubiri nithibitishe.

Alikuwa anakohoa. Hesabu yake haikukosea hata mara moja. Ningeweza kumwambia hivyo. Niliendelea kuhesabu.

Jumatatu, 23 Agosti
Nimefunga mota ya pili. Kabla ya kuondoka nilimwomba Sista Felista anionyeshe afanyavyo maji yakiisha.

Akasema, "Nafungua, Injinia, kama ulivyoandika." Akaisukuma swichi. Pampu ikaanza kuzunguka.

Nilidhani amekosea. Nikamwuliza siku ile alifanya nini. "Siku ile niliikuta imeshafunguliwa. Nikaiacha hivyo hivyo. Kwani nyumbani kwenu redio mnaiwashaje? Si mnaifungua?"

Tunaifungua. Mama yangu huko Moshi anaifungua kila jioni kusikiliza habari, na akichoka nayo anaifunga. Chuoni tulifundishwa kwa Kiingereza kwamba swichi ikiwa wazi umeme haupiti, nami nikaigeuza sentensi hiyo kwa Kiswahili bila kusikiliza Kiswahili. Nimekizungumza tangu utoto.

Pampu ilizunguka bila maji mpaka ikaungua, kwa amri yangu. Koili za Mzee hazikuwa na kosa.

Ilikuwa saa nane mchana. Ningeweza kwenda Kariakoo palepale. Niliamua kuandika kwanza ripoti ya kusahihisha, nimpelekee nakala.

Jumanne, 24 Agosti
Ripoti haijakamilika. Aya ya pili inanisumbua. Nimeifuta mara tatu.

Jumatano, 25 Agosti
Nimefika kibandani na nakala. Kumefungwa. Chande alisimama aliponiona, akavua kofia. Kifua, alisema. Jumatatu jioni. Wamemzika jana.

Jumatatu jioni nilikuwa mezani kwangu, natafuta neno.

Alhamisi, 26 Agosti
Nimekwenda msibani. Wanawake walinipa nafasi mkekani. Bi Zuhura, mjane wake, alinishika mkono kabla sijasema lolote. Nilimweleza yote, kwa kunong'ona: kibao, swichi, neno. Sikujua kama ananifuata. Alinifuata.

"Kumbe mkono wake ulikuwa mzima," alisema.

Nikasema ulikuwa mzima.

"Alikuwa anakaa pale mlangoni, anazungusha uzi kwenye kijiti, anahesabu, anafungua, anaanza upya. Nikamwambia, Baba Asha, huyo binti huenda amekosea. Akasema hapana, yule amesoma."

Hakulisema kwa hasira. Ningependa angekasirika.

Ijumaa, 27 Agosti
Nimempa mkuu ripoti mpya. Aliisoma akiwa amesimama, akairudisha. Mota inafanya kazi, alisema, na faili la zahanati limeshafungwa. Nikamwomba alifungue. Akasema mwenyewe ameshafariki, itamsaidia nini.

Sina hakika kama ninafanya hivi kwa ajili ya Mzee au kwa ajili yangu. Nimeiacha mezani kwake hata hivyo. Nakala moja atapata Bi Zuhura. Nyingine nitaibandika kibandani, Chande aisome.

Jumatatu, 30 Agosti
Magomeni. Nimeng'oa kibao, nimepigilia kipya: MAJI YAKIISHA, ZIMA PAMPU. Nikachora na alama mbili kando ya swichi. Sista Felista alisoma kwa sauti mara mbili, nami nikamsikiliza mara zote mbili.

Maji yalikuwepo leo. Pampu ilizunguka kwa muda wa saa nzima. Nikaweka kiganja juu ya mota. Ilikuwa na uvuguvugu tu.