Zimwi Likujualo

3 Februari

Mwanangu,

Hujambo huko? Sisi wazima, ila cherehani inakohoa kuliko mimi.

Tumeona tangazo la katuni yenu kwenye televisheni. Mchoro wako naujua kama mwandiko wako. Zimwi lina chongo jicho la kushoto, kovu chini yake, kichwa kimeinama upande kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Sasa huyo si mimi?

Jumanne binti mmoja wa darasa la kwanza aliletwa kupimwa sare. Aliponiona nimeshika futi, akapiga yowe na kutoka mbio. Mama yake akachukua kitambaa chake. Wateja wengine wawili wameshahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, na msimu wa sare ndio huu.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Niambie basi, mimi umenibakiza wapi?

Shangazi aliyekulea

11 Februari

Shangazi yangu, shikamoo.

Natumaini kikohozi cha cherehani kimepoa. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Sikukusudia. Bosi alitaka sura ya kutisha, mkono ukachora uso unaoujua kuliko nyuso zote. Sikuona nilichofanya mpaka barua yako ilipofika.

Nimemwambia bosi tulibadilishe. Akasema, zimwi la macho mawili nani ataliogopa? Zimwi hilo silichori tena, hata akinifukuza. Kwa sasa, huwezi kuvaa miwani myeusi?

Mwanao

19 Februari

Mwanangu, marahaba.

Miwani vaa wewe. Jicho hili lilikwenda na sindano iliyokatika nikiwa kazini, na baada ya siku ile nilikushonea sare miaka saba bila kulificha. Wewe ulikuwa ukiwaambia wenzako shangazi ana makengeza kidogo tu. Ukipenda, chongo huita kengeza.

Hebu kumbuka hadithi nilizokusimulia. Zimwi langu lilikuwa na chongo lini? Lilikuwa na sura nzuri, linasalimia kwanza, na jina la mama yako linalijua. Mtoto ukimfundisha kuogopa chongo, atamfuata mwenye macho mazuri. Mwambie bosi wako hivyo, na usilie ukimwambia.

Na jicho langu usilitupe. Litafutie mtu.

Shangazi yako, nipo palepale dirishani

30 Mei

Shangazi, shikamoo.

Unisamehe kwa kimya. Nilimwambia bosi, akaninyang'anya zimwi na kunipa mawe na miti. Nikachora mawe wiki sita. Saa ya chakula nilichora zimwi lako.

Siku moja alikuja na binti yake. Nikamwekea mtoto picha mbili mezani, lile la chongo na lile la macho mazuri, nikamuuliza angemfuata nani nyumbani kwake. Akagusa la macho mazuri, tena anatabasamu. Bosi alikuwa amesimama nyuma yake. Akasema, "Anza upya."

Tumemaliza. Jicho lako nimempa fundi cherehani anayewafungulia watoto mlango wakimbie. Inaonyeshwa Jumamosi.

Mwanao

9 Juni

Mwanangu,

Nimeipata salamu yako, na Jumamosi tuliangalia mtaa mzima.

Leo yule binti amerudi, mama yake nyuma na kitambaa. Alisimama mlangoni akalitazama jicho langu. Sikugeuza uso.

"Hilo halioni kabisa?"

"Kabisa."

"Basi nipime mara mbili."

Nimempima mara mbili.

Shangazi