Maelezo ya Mama Marcelline Kuhusu Mayai Mawili ya Kipimo

KITUO CHA POLISI, KOMINI YA KIKULA, LIKASI

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mwape Kalumba Marcelline
Umri: miaka 58
Kazi: muuzaji wa samaki wakavu, soko la Kikula
Makao: kwa mwanawe Bertin Kalumba, Kikula
Tarehe na saa: Alhamisi, 14 Machi 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi
Mwandishi: Inspekta Déogratias Musoya

Nimeambiwa niseme niliyoyaona kwa macho yangu, niache ya kuambiwa na watu. Nitajaribu, Inspekta, lakini nakuonya mapema: kichwa changu kimevurugika tangu juzi. Mengine nimeambiwa tu, na mengine niliyaona mwenyewe lakini sikuyaelewa. Nikichanganya saa, unirudishe kwa upole.

Mtoto anaitwa Sephora, ana miaka saba. Baba yake ni Bertin, mwanangu wa kuzaa, anayefanya kazi ya zamu katika kiwanda cha shaba. Mama yake ni Arlette Tshimanga, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye wazazi wake wametoka Kasai. Mimi ni nkambo wa Sephora, ndivyo tunavyomwita mama wa baba. Nilikuwa naishi Kapolowe. Mume wangu alipofariki Bertin akanileta kwake, na huu ni mwaka wa pili. Sephora ana SS, ule ugonjwa wa damu unaowaumiza watoto mifupa.

Sephora hali mayai. Arlette aliniambia siku ileile niliyofika, hata mzigo sijautua kichwani. Alisema, "Mama, Sephora hakulake mayai. Hata kidogo. Hata mandazi yenye yai. Akikula anavimba." Nilifurahi. Naomba uandike kwamba nilifurahi, maana kosa lilianzia hapo. Katika ukoo wa marehemu mume wangu watoto wa kike hawali mayai. Ni kizila, yaani mwiko, tulichoachiwa na wazee, na anayekula kizila anavimba. Kwetu hata mtoto mdogo anajua hivyo. Nikasema moyoni, kumbe huyu mkwe wangu, mtoto wa watu wa mbali, anashika desturi ya mume wake kuliko mume mwenyewe! Nilimsifu sokoni mbele ya wenzangu wote wa samaki. Nilijivuna, Inspekta, nilijivuna kabisa.

Sikumuuliza neno. Nimuulize nini, na jibu ninalo? Nilimwona akisoma yale maandishi madogo kwenye karatasi za biskuti. Nilimwona, kila mara mtoto akipigwa sindano, anamsimamisha muuguzi: "Hii dawa iko na yai ndani?" Wauguzi walikuwa wanacheka na mimi nacheka nao. Nikawaza, mwanamke huyu anafuata kizila mpaka ndani ya sindano! Leo naambiwa hakuwa na habari ya kizila chochote. Naambiwa ni mwili wa mtoto wenyewe unaokataa yai, na kwamba hata angezaliwa kwa Wachina ungelikataa vilevile. Naomba radhi, lakini mpaka sasa tofauti siioni vizuri. Akila kizila anavimba, na kwa ugonjwa huo pia anavimba.

Mwezi wa pili Sephora alianza kulia tumbo, upande wa kuume, chini ya mbavu. Daktari alisema watoto wa SS wanaota vijiwe kwenye nyongo, kwa hiyo apigwe picha ya tumbo. Ni ile picha ya kupakwa mafuta baridi halafu kitu kinateleza juu ya tumbo kama pasi. Picha zenyewe ni mbili. Ya kwanza mtoto anapigwa akiwa na njaa. Kiisha anakula chakula cha mafuta ili nyongo ijikamue, anangoja, ndipo anapigwa ya pili. Karatasi waliyompa Arlette ilisema mtoto aje na mayai mawili ya kuchemsha na kikombe cha maziwa. Arlette akarudi na karatasi kwa daktari, na daktari akamwambia haina neno, alete avoka, maana parachichi nalo lina mafuta. Hayo aliniambia Arlette mwenyewe. Mimi sikuwepo.

Jumatatu tarehe 11, saa kumi na moja jioni, Arlette alirudi kutoka shuleni amekunja uso. Mkaguzi alikuwa anakuja kesho yake darasani kwake na hakupewa ruhusa ya kukosa. Bertin alikuwa zamu ya asubuhi. Nikasema, "Na minye niko hapa juu ya nini? Nitamupeleka." Arlette akaenda kutayarisha mfuko: avoka mbili kubwa, kijiko, na kitabu cha hopitali cha mtoto. Akaniambia, "Mama, wakisema mayai, weye sema hapana." Nikamjibu, "Mwanangu, hiyo si minye wa kwanza kuishika?" Hakuelewa nilichosema. Na mimi sikujua kwamba hakuelewa.

Mnamo Jumanne tarehe 12 tulitoka nyumbani saa moja kasoro robo, Sephora hajatia kitu mdomoni. Tulifika kliniki saa moja na robo, tukakuta watu tisa kwenye benchi. Kijana anayepanga wagonjwa wa chumba cha picha ni muuguzi, anaitwa Hénoc. Ndiye huyo mliyemfunga hapa nyuma. Alinisalimia vizuri, akampa mtoto nafasi pembeni ya ukuta aegemee. Picha ya kwanza ilipigwa saa mbili na dakika ishirini. Saa ilikuwa ukutani juu ya mlango, niliitazama.

Tulipotoka, Hénoc akasema mtoto ale sasa. Nikatoa avoka.

Akauliza, "Na mayai, mama?"

Nikasema, "Hatukuleta. Hakulake mayai. Mama yake alisema na docteur, docteur alikubali avoka."

Akafungua kitabu cha mtoto, karatasi moja moja. Arlette alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, MAYAI HAPANA. Daktari hakuwa ameandika kitu juu ya avoka, na asubuhi hiyo alikuwa chumba cha upasuaji. Hénoc akanionyesha karatasi kubwa ukutani, yenye muhuri: mayai mawili, maziwa kikombe kimoja. Akasema wiki iliyopita watu wawili walikataa mayai, picha zao zikatoka bure na daktari akamgombeza yeye. Halafu akaniuliza, "Hiyo ni kizila ya kwenu, ao ya kanisa?"

Swali lilikuwa hilo, Inspekta, na hakunisukuma. Nilijibu papo hapo, "Ni ya kwetu."

Akacheka kidogo, kicheko cha adabu. Akasema, "Basi mama, haya si mayai ya kula. Ni mayai ya kipimo. Kwenu dawa haifunguake kizila?"

Inafungua. Kweli inafungua! Hilo ni jambo la wazee wetu. Kitu cha mwiko kikiletwa na mganga kama dawa, hakidhuru tena. Mama mkwe wangu alilishwa yai na mganga alipokuwa anakufa kwa uzazi, akapona, akaishi mpaka akazeeka. Nilishangaa kijana wa kliniki kujua maneno hayo, nikamwona ni mtoto wa nyumbani. Nikawaza, tukirudi bila picha ya pili, mtoto ataendelea kulia tumbo wiki nzima, na kosa litakuwa la nani? La nkambo mshamba aliyeshindwa kufuata karatasi.

Maziwa Hénoc alisema tuyaache, mayai yatatosha. Nikaenda mlangoni kwa Mado. Mado anauza mayai ya kuchemsha pale nje, na wateja wake wakubwa ni hao wagonjwa wa picha. Alinifungia na chumvi. Nikarudi kwenye benchi, nikayamenya mwenyewe kwa mikono hii. Hénoc alikuwa ndani na mgonjwa mwingine. Sephora alikula yai moja lote na nusu ya la pili. Hiyo ni saa mbili na dakika arobaini.

Hata dakika kumi hazikuisha. Alianza kujikuna shingo. Kiisha midomo ikavimba. Nikasema labda ni chumvi, nikampa maji, akayatema. Akasema, "Nkambo, koo," na sauti haikuwa yake. Macho yakafunga, uso wote ukawa wa mtoto nisiyemjua. Na mimi, Mungu anisamehe, bado nilikuwa nasema ngoja, ngoja, dawa inafungua, itapita. Nilimpakata magotini nikingoja ipite! Sijui niliketi hivyo muda gani. Nimejaribu kuhesabu, nashindwa.

Hénoc alitoka kumwita mtu mwingine, akamwona Sephora. Alitupa daftari chini, akambeba mikononi na kukimbia naye, anapiga kelele walete sindano. Alimchoma pajani yeye mwenyewe. Baadaye akamchoma tena. Wakamtia mpira wa hewa puani. Daktari alitoka upasuaji na nguo zake za kijani. Baadaye akaniambia kwamba kijana yule angechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mambo ya jeneza. Kwa hiyo hapa pia nachanganyikiwa. Mtu aliyeleta ugonjwa na mtu aliyeokoa ni mtu mmoja, na mnaniuliza nimseme. Nimseme vipi?

Arlette alifika saa nne na nusu, vidole bado vina chaki. Hakunigombeza. Alipita tu mbele yangu. Bertin alikuja na nguo za kiwandani, akamkamata Hénoc shati, watu wakawaachanisha, ndipo polisi wakaitwa. Mchana Sephora akahamishiwa hopitali kubwa, kwa sababu kukosa hewa kuliamsha SS yake, mifupa ikamshika mikono na miguu. Mpaka leo analia akiguswa. Daktari wa kule anasema atapona, lakini polepole.

Jana Bertin aliniketisha uani. Alisema, "Mama, polisi watakuita. Sema kijana alikulazimisha. Sema ulikataa, yeye akamulisha kwa nguvu." Ni mwanangu, nyumba ninayolala ni yake, na sahani ninayokula ni ya mke wake. Nilimwambia sawa. Njia yote ya kuja hapa nilikuwa na maneno hayo mdomoni.

Lakini hakunilazimisha. Hénoc alikosa, ndiyo. Angeweza kumngoja daktari, angeweza kuagiza mama wa mtoto aitwe. Aliamini karatasi ya ukutani kuliko maandishi mekundu ya mama. Lakini aliniuliza mimi, nami nilijibu kama mtu anayejua. Kama ningesema sijui, labda angengoja. Na ninyi wakubwa mnielezee jambo hili, maana nimekosa wa kunielezea: kama yai linaweza kumwua mtoto, kwa nini hopitali yenyewe inaliandika ukutani, na muhuri juu? Na daktari aliyekubali avoka, kalamu yake ilikuwa wapi?

Umeniuliza kama kuna kitu kingine. Kipo. Sikumwambia Bertin, wala padri sijamwambia.

Nilipompa Sephora yai, hakula mara moja. Alilishika tu. Mtoto yule amefundishwa vizuri na mama yake, hapokei kitu ovyo. Aliniangalia, akauliza, "Nkambo, mama alikubali?" Nikasema, "Alikubali. Kula." Ndipo akala. Hakuna aliyesikia. Hénoc alikuwa ndani, na wengine kwenye benchi walikuwa na mambo yao. Nisingeyasema hapa, hakuna ambaye angejua.

Jana saa tisa mchana niliwapelekea uji hopitali. Sephora alikuwa ameamka, uso umepungua kuvimba. Arlette alikuwa anampepea. Mtoto akamgeukia, akasema kwa ile sauti iliyokauka, "Mama, juu ya nini ulikubali nikule yai?" Arlette akasema, "Mama yangu, minye? Nilikubali lini?" Mtoto akageuza uso ukutani. Arlette alidhani ni homa inamsemesha, akaanza kulia, na mimi nilisimama pale na bakuli la uji mkononi. Alikataa kupepewa. Mpaka nilipotoka alikuwa bado ametazama ukuta.

Mtoto anafikiri mama yake ndiye aliyemruhusu, na mama hajui kwa nini mtoto wake hamtaki. Mimi peke yangu ndiye ninayejua, na nimeshindwa kuwaambia. Hapa kwako nimeweza kwa sababu unaandika huku umeinamisha kichwa, hunitazami.

Niliyoyasema ni haya, hakuna aliyeniwekea neno mdomoni, na nililowekewa na mwanangu nimelirudisha. Mfungueni yule kijana, au mniweke naye, mtakavyoona ninyi.

Sahihi ya shahidi: Mwape K. Marcelline

Maoni ya mwandishi: Maelezo haya nimemsomea shahidi kwa sauti naye amekubali kwamba ni yake. Alinisimamisha mara moja, kwenye neno "Alikubali. Kula," akaomba nilirudie, nikalirudia. Amekataa kwenda nyumbani. Anaomba Arlette Tshimanga aitwe kutoka hopitali, asomewe maelezo haya shahidi mwenyewe akiwepo, kiisha Arlette aende akamwambie mtoto. Nimetuma mtu kumwita saa tano na dakika arobaini. Shahidi anangoja kwenye benchi.

Inspekta Déogratias Musoya